Namba ya Mtama wa Dani

Akoth, nyathina, mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda soko la Kibuye kununua dagaa wakavu wa omena na karanga za safari, na kwa jinsi ninavyomjua mama yako kwa kubishana bei, nina saa tatu za kukaa peke yangu. Mambo ya sweta, dawa za malaria na mahali pa kuficha pasipoti ameshakwambia, na atakwambia tena mpaka mlango wa ndege ufungwe. Mimi sitayagusa. Nina jambo moja tu, nalo limekaa kifuani mwangu tangu ulipokuwa na miaka minane.

Wiki iliyopita uliniomba kitu kidogo. Ulisema, "Baba, kabla sijaenda nipatie namba ya mtama wa Dani pale kituoni. Nikifika huko nitaandika rasmi, niuombe." Nikasema nitaitafuta. Jumatatu ukauliza tena, nikasema mtu wa stoo yuko likizo. Jana ulipouliza mara ya tatu nilijifanya nimesinzia kitini, nawe ukanifunika miguu kwa leso ya mama yako na kupunguza sauti ya redio. Sikuwa nimelala, Akoth. Nilikuwa nimefumba macho kwa aibu.

Namba haipo. Mtama wa Dani, bibi yako, haumo kwenye chumba cha baridi cha kituo cha utafiti wa mbegu nilikofanya kazi, na haujawahi kuwamo hata siku moja. Niliupoteza mimi, na nimekudanganya karibu maisha yako yote. Kama unahitaji kusimama hapa, simama. Zunguka nyumba, kisha urudi, kwa maana nataka usikie kwangu jinsi ulivyopotea, si kwa karani atakayekujibu huko mbele kwamba hana kumbukumbu ya mbegu kama hiyo.

Najua umejenga nini juu ya uongo huo. Ile barua yako ya kuomba nafasi ya masomo ulitusomea hapa sebuleni kabla hujaituma. Uliandika kwamba bibi yako wa Nyakach alikuwa na mtama mwekundu uliostahimili ukame na magugu, kwamba mbegu yake imehifadhiwa, na kwamba unataka kusomea ukuzaji wa mbegu ili siku moja uuchanganye na mitama mipya, nguvu ya huu iingie katika mavuno ya ile. Mama yako alitokwa na machozi. Mimi nilitoka nje nikasimama kando ya tangi la maji, nikaligonga gonga kana kwamba nasikiliza kama limejaa.

Acha nikueleze mtama wenyewe, kwa sababu wewe hukuwahi kuuona.

Mama yangu alikuja nao kutoka Asembo alipoolewa. Mama yake alimpa kibuyu kimoja cha mbegu pamoja na vyungu na mkeka, na kwetu Nyakach tukauita bel mar minwa, mtama wa mama yetu. Ulikuwa mwekundu mzito. Suke lake likikomaa lilipinda shingo na kutazama chini, hata ungelitambua shamba la mama kutoka barabarani. Ulikuwa na uchungu kidogo. Ndege waliuonja, wakatikisa vichwa, wakaenda kwa jirani. Kayongo, yale magugu ya maua ya zambarau yanayonyonya mizizi ya mtama mpaka ukauke umesimama, yalichipuka kati ya mistari yake kama kwingine kote, lakini wenyewe ulizaa. Ugali wake ulikuwa mweusi na mzito. Tukiwa watoto tuliununia, tukitamani ugali mweupe wa mahindi tuliouona kwa wenzetu. Kisha ukaja mwaka ambao mahindi ya hao wenzetu yalikauka yakiwa yamefika magotini, na mama zao wakaja kwetu na bakuli. Mama aliwapa chakula, akawapa na mbegu. Hakuwahi kumnyima mtu mbegu. Alisema mbegu ukiiweka nyumba moja, siku nyumba hiyo ikiungua utalia peke yako.

Kauli hiyo niliisikia utoto wangu wote. Nilifikiri ni maneno ya kina mama tu.

Nilipopata kazi kituoni, hapa nje ya Kisumu, nilikuwa kijana wa kwanza wa upande wetu kuajiriwa kwa barua yenye mhuri. Unajua kazi ilikuwa nini, nawe pia umeifanya mazoezini. Asubuhi na mapema, kabla jua halijafungua maua, tulikaa kwenye vigoda kati ya mistari, kibano mkononi, tukitoa viungo vya kiume kwenye vijiua vidogo kama nukta. Kisha tulilifunika suke kwa mfuko wa kaki, na siku chache baadaye tukalipukutishia chavua ya baba tuliyemchagua sisi. Mbegu zilikuja kwa bahasha kutoka nchi kavu nyingi za Afrika, nyingine siwezi hata leo kuzionyesha kwenye ramani, na za kwetu zilikwenda kwao. Nilikuwa hodari. Mikono yangu haikutetemeka. Jumamosi nikienda nyumbani nilishuka sokoni Pap Onditi nikiwa bado nimevaa gambuti za kazi, makusudi, ili watu waone.

Mkuu wetu wa mtama, tuliyemwita Daktari tu, alitafuta mashamba ya wakulima ya kujaribia mtama mweupe uliokuwa umefanya vizuri kituoni. Ulikuwa mfupi, ulikomaa upesi, unga wake ulikuwa mweupe kiasi cha kuuchanganya na wa mahindi. Ulikuwa mtama mzuri, Akoth. Lisome neno hilo vizuri, kwa sababu nitalihitaji mbele. Daktari alipouliza nani ana mkulima anayeaminika, niliinua mkono kabla hajamaliza. Nilitaka gari la kituo lije kwetu. Nilitaka kibao kisimame kwenye ua wa mama yangu.

Sharti lilikuwa moja: karibu na shamba hilo usipandwe mtama mwingine, maana upepo ungebeba chavua na mbegu itakayovunwa ingekuwa chotara. Sasa, kulikuwa na njia. Mama angeweza kuupanda wake wiki kadhaa baadaye, ukachanua wakati ule mwingine umeshamaliza. Angeweza kuupanda ng'ambo ya mto, kwenye kipande cha shemeji yake. Njia hizo nilizijua kama ninavyojua jina langu, na sikumwambia hata moja. Nilitaka shamba lionekane safi, na mbele ya wenzangu nilimwambia, "Mama, huo mtama wako ni wa njaa. Sasa tunapanda wa kula."

Alikuwa anapepeta. Hakusimamisha ungo.

Kabla ya msimu alinipa kibuyu, kimezibwa kwa gunzi la mahindi. Zamani aliyaning'iniza masuke ya mbegu juu ya meko, moshi ukawafukuza fukusi, lakini mimi nilikuwa nimemjengea jiko jipya la bati lenye madirisha, na moshi haukukaa tena. Hilo nalo nilikuwa nimejivunia. Akaniambia, "Umesema nisiupande, sitaupanda. Lakini mbegu isiyopandwa lazima iwe na mtu wa kuiangalia. Mmesema mna chumba cha baridi. Upeleke huko, wewe ndiye mtu wake."

Nikasema ndiyo.

Kuiingiza mbegu kwenye chumba cha baridi ilikuwa kazi ya asubuhi moja ya kuanza: fomu yenye jina la mkulima, kijiji na sifa za mtama, kisha ikaushwe, ipimwe kama inaota, ipewe namba. Nilikifungia kibuyu kwenye kabati chini ya meza yangu nikasubiri siku isiyo na kazi nyingi. Fomu zikaisha. Zikaja nyingine, tukawa tunavuna. Tukamaliza kuvuna, nikaenda kozi. Ukweli ni kwamba ingekuwa bahasha kutoka nchi ya mbali ningeijazia fomu siku ileile. Hii ilikuwa kibuyu cha mama yangu, nami sikuiona kama mbegu. Niliiona kama mapenzi yake kwa mambo ya zamani.

Misimu miwili mtama mweupe ulifanya vizuri kabisa. Gari lilikuja, kibao kilisimama, majirani wakaomba mbegu, mama akawagawia. Wengi wakaacha ule mwekundu, kwa sababu kwa nani wangeutoa tena? Yeye ndiye aliyekuwa ghala lao.

Msimu wa tatu mvua ilianza ikakata. Kayongo yakaja kwa wingi nisiowahi kuuona, na masuke machache yaliyotoka yakashukiwa na ndege yakiwa bado laini, maana mtama mtamu haumfukuzi mtu wala ndege. Mama akanitumia ujumbe kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akija mjini: mvua ya vuli inakaribia, niletee kibuyu.

Nilifungua kabati nikiwa na furaha. Nakwambia ukweli, nilifurahi, nikajiona mwana mwenye akili aliyeweka akiba. Gunzi lilivunjika mkononi mwangu. Nikamimina juu ya gazeti, ikatoka unga, na ndani ya unga fukusi wakatembea. Nilichambua nikapata punje chache zilizoonekana nzima. Nikazilaza kwenye pamba yenye unyevu, nikazifunika, nikazitazama kila asubuhi kabla ya chai. Baada ya wiki hakuna iliyofunguka. Nikaongeza wiki nyingine, ingawa kazi yangu ilinifundisha kwamba mtama usioota kwa siku kumi hauoti. Siku ya mwisho nikazitupa kwenye shimo la nyuma tulimochomea mabua ya majaribio, na unga wote, na kibuyu.

Mama alipoona kimya, alikuja mwenyewe. Mlinzi alinipigia simu kwamba kuna mama mzee getini anayesema ana mtoto wake humu na mtama wake. Nilimkuta amevaa nguo zake za kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Wenzangu wakamsalimia kwa heshima, "Karibu Mama, wewe ndiye wa shamba la maonyesho." Nikaona siwezi kusema mbele yao. Nikamwingiza kwenye chumba cha baridi, nikatoa pakiti moja ya mtama mwekundu uliotoka kwingine kabisa, ukiwa na namba yake, nikamwambia ndio huu.

Aliishika kwa mikono miwili. Alikuwa anatetemeka kwa baridi. Alisoma namba ile polepole, tarakimu moja moja, kama mtu anayesoma jina la mtoto kwenye cheti. Akauliza kwa nini jina lake halipo. Nikamwambia hapa hatuandiki majina, tunaandika namba. Uongo huo wa pili ndio ulionitoka kwa urahisi kuliko wote.

Nilimpa kiasi cha kupanda. Akapanda. Ukaota vizuri, ukarefuka, ukatoa masuke. Nilipokwenda kumwona alikuwa amesimama katikati ya shamba, nami nikaona alichokuwa anakitazama kabla hajasema. Masuke yote yalikuwa wima.

Akasema, "Mtama wangu ulikuwa unainamisha kichwa. Huu umesimama."

Nikamwambia ni kwa sababu ya kukaa kwenye baridi. Mimi, mtu wa mbegu, nilimwambia mkulima aliyelima miaka hamsini kwamba baridi inanyoosha shingo ya mtama. Kisha akasema, "Sawa." Majirani walipokuja kuuliza, nilimsikia akiwaambia kwamba ule wa zamani uko salama Kisumu kwa mtoto wake, huu ni mwingine aliopewa kwa sasa. Hivyo nikajua kwamba anajua, na kwamba ameamua kunibeba.

Nimewahi kutukanwa, Akoth, nimewahi kushushwa cheo mbele ya watu. Hakuna kilichonivunja kama ile "sawa."

Kutoka hapo hadithi yako na yangu zinakutana. Ulipokuwa ukienda kwa Dani likizo, mlikuwa mkizungumza Kiswahili kwa sababu mama yako ni wa Mumias na sisi mjini hatukukupa Dholuo ya kutosha. Kiswahili cha Dani kilikuchekesha, nami bado nakisikia. Siku moja mlikuwa mnachambua kunde barazani, nami nilikuwa nyuma ya nyumba natengeneza paa la choo. Alikwambia, "Mtama yangu iko Kisumu kwa baba yako. Inalala tu. Wewe ukisoma sana, utaenda kuiamsha."

Ukamuuliza kama itakuwa haijafa. Akajibu, "Baba yako anaiangalia."

Nilishika nyundo nikashindwa kupiga. Nilijua pale pale kwamba nikiacha maneno yale yaote ndani yako, sitaweza kuyang'oa. Nikayaacha. Ulikuwa na miaka minane, ukarudi mjini ukachora mtama umelala kitandani na kufunikwa blanketi, ukaubandika kwenye friji. Mama yako alicheka. Nami nilicheka.

Ulipokuwa kidato cha pili Dani akalazwa. Jioni moja tulibaki wawili wodini, nikasogeza kiti, nikaanza, "Mama, ule mtama." Akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu. Akasema, "Nilijua tangu ulipochanua. Nyamaza. Mwache mtoto asome kwanza." Alikufa wiki ile.

Maneno hayo nimejificha nyuma yake miaka yote. Nimejiambia kwamba ninatii wosia wa mama. Lakini alisema kwanza, Akoth. Hakusema milele. Umemaliza shule, umemaliza chuo kikuu, umefanya kazi shambani miaka miwili, na kila mara nilipata sababu ya kusema bado. Mtu akikusamehe, usichukue msamaha wake ukaufanya godoro. Mimi nilifanya hivyo.

Mwaka niliostaafu nilianza kuutafuta. Zile safari nilizomwambia mama yako ninakwenda kuangalia ng'ombe, nilikuwa naenda kwa wajane na wazee wa Nyakach, nyumba kwa nyumba, nikiuliza nani alibakiza. Walinionyesha mitama myekundu mingi. Mmoja ulifanana nao sana, nikaupanda kwenye ndoo nyuma ya nyumba hii hii. Ulipotoa suke, likasimama. Ulidhani ninapanda kwa ajili ya kuku.

Mwisho nikaenda Asembo, kwao Dani, nikijua kwamba hapo ndipo ulipotoka na hapo lazima upo. Nilimkuta mke wa marehemu mdogo wake, bibi mwenye akili timamu kabisa, akianika omena juu ya wavu. Alinipokea kama mtoto wa nyumbani. Nilipomwuliza, akafurahi kwamba bado kuna mtu anaukumbuka. Akasema walikuwa nao, yeye na mkwewe, mpaka miaka michache baada ya njaa ya ule msimu mvua ilipokata. Kisha panya wakaingia ghalani, wakala, na zilizobaki wakazisaga.

Nikamwuliza kwa nini hawakuweka hata konzi moja.

Akasema, "Dada, mama yako, alituletea habari kwamba upo kwenu serikalini, kwenye baridi. Tukasema basi, hata sisi tukiukosa, upo. Ndiyo maana hatukuhangaika."

Alisema bila lawama yoyote. Kisha akaniuliza kama ningeweza kumletea kidogo, kwa sababu mahindi yanamsumbua.

Nilitoka pale nikaenda kukaa kwenye mawe ya ufukweni, watu wakidhani nasubiri samaki. Mpaka siku ile nilikuwa nikijiambia kwamba niliua kibuyu kimoja kwa uzembe, kosa ambalo mtu yeyote angeweza kulifanya. Siku ile nilielewa kwamba kibuyu hakikuumaliza mtama. Kama ningesema ukweli siku mama alipokuja getini na kitambaa chake cheupe, angepanda gari kesho yake akaenda Asembo, na wifi yake angemjazia kibuyu kingine. Baadaye alipojua, hakuweza kuuomba kwao bila kunianika. Mtama ulikuwepo. Ulikuwa mwendo wa siku moja tu kutoka pale tuliposimama. Uongo wangu ndio uliokwenda Asembo badala yake, ukawaambia watu wasihangaike.

Nilimwambia yule bibi ukweli. Nilirudi kutoka kwenye mawe nikamwambia. Aliketi chini kwenye mchanga. Wewe ndiye wa pili kuambiwa.

Sasa usiende huko ukiwa na hasira na mbegu mpya. Ndiyo maana nilikuomba ulisome vizuri lile neno. Mtama mweupe umelisha nyumba nyingi ambazo ule wa mama haukuzifikia, na zile ndengu zinazokomaa upesi mlizozijaribu kazini kwenu nimeona zikimwokoa mjane ambaye mvua ilimpa wiki chache tu. Kuchagua na kuchanganya ni kazi njema, na mikono yako ni mizuri kuliko yangu. Hakuna mbegu iliyomkosea mama yangu. Mtu ndiye aliyemkosea, mtu aliyekwisha kujifunza kiasi cha kutosikiliza.

Siwezi kukufundisha sana kuhusu kazi, lakini naweza kukwambia mahali nilipoteleza. Niliteleza nilipodhani kwamba mwanamke anayesema "mbegu yangu" anazungumzia moyo wake, kumbe alikuwa akinipa taarifa za miaka mia moja ya majaribio: ndege hawali, kayongo hayaumalizi, suke linainama. Sikuandika hata mstari. Niliteleza nilipoahirisha kazi ya asubuhi moja. Na nilianguka kabisa nilipoona ni rahisi zaidi kulinda jina langu kuliko kulinda kitu nilichopewa. Ukipewa mbegu na mtu, andika jina lake siku hiyo hiyo, jina zima, hata kama fomu haina nafasi. Na ukiipoteza, kwa maana utapoteza, sote tunapoteza, nenda ukaseme kabla jua halijazama. Pengine kuna mtu Asembo bado anayo.

Huna tena mtama wa kwenda kuuamsha. Najua ni kwa ajili yake ulivumilia zile hesabu zilizokuliza, na kwa ajili yake ulimkataa yule mwajiri wa Nairobi. Sijui utabaki na sababu gani ya kwenda. Sitakubunia nyingine, nimebuni vya kutosha. Ukiamua kwamba huwezi kwenda kusoma kwa barua yenye jambo lisilo kweli ndani yake, waandikie wakufunzi wako uwaambie, na uwape jina langu kama aliyekudanganya. Nitathibitisha kwa maandishi. Ukiamua kutoniambia utakachofanya, hiyo pia ni haki yako.

Nilikuwa nimepanga kuituma barua hii baada ya wewe kuondoka, uisome ukiwa mbali, mimi nisiuone uso wako. Nimeshaona kwamba huko kungekuwa kukimbia tena. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, baada ya chai ya saa kumi na mbili, mama yako akiwa sebuleni, na nitakaa pale pale kwenye kiti mpaka umalize. Yeye pia hajui. Atasikia leo. Uniulize unachotaka, kwa sauti yoyote unayotaka. Sitakwambia nyamaza, na sitasema kwamba Dani alinisamehe, kwa sababu msamaha wake haukuwa na uwezo wa kuutoa wako.

Nasikia geti. Mama yako anamwambia mwenye bodaboda ashushe mzigo taratibu, nawe unacheka.

Baba yako